MAMA MAGGIE WALKER: MWANAMKE ALIYEANZISHA BENKI KWA SENTI SENTI



Kamati ilipokaa kugawana kurasa za kijitabu hiki, mwenyekiti aliambiwa aandike nasaha kuhusu akiba. Sisi tukaona nasaha mmezisikia kila Jumamosi mpaka mmezichoka. Hivyo tukaomba ruhusa tuandike maisha ya mtu, kwa sababu maisha ya mtu hayasahauliki upesi kama nasaha.

Mtakumbuka ule msimu wa mvua nyingi, tulipokuwa tukikwama ukumbini baada ya kufunga sanduku. Binti wa mwenzetu, anayesoma chuo, alikuwa akija na kitabu cha Kiingereza na kutufasiria kidogo kidogo mpaka mvua inakatika. Ndipo tulipomfahamu Mama Maggie Walker wa Marekani. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyashika. Tumeyaandika kwa makusudi, maana mwezi ujao tuna uamuzi mzito wa kufanya kuhusu sanduku letu, na tutaufikia mwishoni.

KUZALIWA NA KUKUA

Maggie alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Wakati huo Wamarekani walikuwa wanapigana wao kwa wao, na Richmond ndiyo ulikuwa mji mkuu wa upande ule uliotaka utumwa uendelee. Vita iliisha mwaka uliofuata. Mama yake, Elizabeth Draper, aliwahi kuwa mtumwa. Alikuwa akipika katika nyumba ya bibi mmoja wa kizungu tajiri, Elizabeth Van Lew, ambaye yeye mwenyewe aliuchukia utumwa.

Mama huyo aliolewa na William Mitchell, aliyekuwa mtumishi katika nyumba hiyo hiyo, na baadaye akawa mkuu wa wahudumu katika hoteli. Wakahamia kwao, wakapata mtoto wa kiume, maisha yakaanza kunyooka. Mwaka 1876 Mitchell akakutwa amekufa mtoni. Serikali ilisema amejiua, lakini familia haikukubali, iliamini kauawa.

Basi mama akabaki na watoto wawili na hana mshahara. Alifanya nini? Alifua nguo za watu. Maggie, bado msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akibeba makapu ya nguo kuzipeleka kwa wenyewe na kurudi na senti. Akina mama wengi katika kikundi chetu wanajua kazi hiyo ilivyo: mikono inababuka, mgongo unauma, na pesa yenyewe ikifika imekwisha kula deni la duka. Maggie aliijua senti ya dobi kabla hajajua kitu kingine chochote juu ya fedha, na tunaamini ndiyo maana baadaye hakuidharau senti ya mtu yeyote.

BENKI ILIYOFILISIKA

Hapa inatupasa tusimame kidogo, maana bila jambo hili hatuwezi kuelewa ugumu wa kazi yake.

Mwaka 1865 ilianzishwa benki kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Iliitwa Freedman's Savings Bank. Watu wakaiamini kwa sababu iliundwa kwa sheria ya bunge la nchi. Wakaweka akiba zao: wakulima, madobi, askari waliotoka vitani, makanisa. Lakini viongozi wa benki wakatoa mikopo mibovu, hesabu zikavurugika, na mwaka 1874 ikafungwa. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa na pesa zao mle. Wengi hawakupata yote waliyoweka, na wengine hawakupata kitu kabisa.

Maggie alikuwa na miaka kama kumi. Kwa hiyo alikulia kati ya watu walioumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Kumwambia mtu kama huyo alete tena senti yake aiweke mahali si mchezo.

CHAMA CHA KUZIKANA

Alipokuwa na miaka 14 alijiunga na chama cha Mtakatifu Luka. Chama hicho kilianzishwa huko Baltimore na mwanamke aitwaye Mary Prout, kwa ajili ya kusaidiana wakati wa ugonjwa na kuzikana. Mwanachama alitoa kidogo kila mwezi, akiugua anatazamwa, akifa anazikwa kwa heshima. Kumbe ni kama sisi tulivyoanza! Mtakumbuka kikundi chetu hakikuanza kwa ajili ya kukopeshana. Kilianza kwa sababu mwenzetu alifiwa na hatukuwa na hata pesa ya sanda.

Mwaka 1883 Maggie alimaliza masomo ya ualimu, akafundisha miaka mitatu. Mwaka 1886 akaolewa na Armstead Walker, fundi wa ujenzi kutoka familia ya watengeneza matofali. Siku zile mwalimu mwanamke akiolewa hakuruhusiwa kuendelea na kazi, hivyo akaacha. Lakini hakukaa bure. Alikuwa amejifunza kuweka hesabu, na chama kikamtumia: akatembelea matawi, akaandikisha wanachama, na mwaka 1895 akaanzisha upande wa watoto ili nao wajifunze kuweka akiba. Wakati huo huo alikuwa analea, na mtoto mmoja alimzika akiwa bado mchanga.

Mwaka 1899 chama kilikuwa taabani. Katibu mkuu, mwanamume, aliacha kazi. Akachaguliwa Mama Walker ashike nafasi hiyo kwa mshahara wa theluthi moja tu ya aliokuwa akipata yule aliyeondoka. Alipofungua vitabu alikuta wanachama 1,080, fedha mkononi dola 31 na senti 61, na deni la dola 400. Jamani, hapo wengi wetu tungerudisha funguo. Yeye alikaa, akaanza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO MATATU

Mwaka 1901 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama akawaeleza wenzake mambo aliyotaka wafanye. Wawe na gazeti lao, wapate kusemezana. Wawe na benki yao, ili pesa za watu weusi zisikae mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kukopa. Na wawe na duka lao, ambamo binti zao watapata kazi nyingine zaidi ya kufua na kupika majumbani.

Gazeti lilianza mwaka 1902, likaitwa St. Luke Herald. Benki ikafuata. Hapa ndipo sisi tunampenda zaidi. Hakufungua benki kwa ushujaa wa maneno. Alikwenda kwanza katika benki moja ya wazungu mjini pale, akaomba akae ndani ajionee kazi inavyofanywa, akawa anakwenda saa chache kwa siku kwa muda wa miezi. Mama mwenye watoto, aliyekwisha kuwa mwalimu na kiongozi wa watu, akakubali kuwa mwanafunzi tena.

Tarehe 2 Novemba 1903 milango ikafunguliwa. Benki iliitwa St. Luke Penny Savings Bank, yaani benki ya kuwekea akiba ya senti. Mama Walker akawa rais wake, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata hati ya kufungua benki na kuiongoza. Siku hiyo ya kwanza walikuja watu wapatao 280, wakaweka zaidi ya dola 8,000. Kati yao alikuwako mmoja aliyeleta senti 31 tu. Akaandikiwa kitabu chake kama wengine.

SENTI ILIVYOFANYA KAZI

Watoto walipewa visanduku vidogo vya karatasi ngumu vya kutunzia senti. Mtoto akifikisha senti 100, ambazo ni dola moja, anakwenda benki anafunguliwa akaunti. Madobi walileta pesa walizopata kwa kufua. Mama Walker mwenyewe alipenda kusimulia habari za kijana mmoja mwenye mguu mmoja, mng'arisha viatu wa mtaani, aliyeingia benki siku moja na konzi ya senti. Akawa anakuja kila wiki mpaka zikafika dola 50. Benki ikamtia moyo akapanga chumba kidogo, akaweka viti vitatu vya wateja. Baada ya miaka saba alikuwa na nyumba yake aliyoinunua dola 1,900, na deni amelimaliza.

Sasa tuulize, benki ilifanyaje? Hakuna uchawi. Senti za watu wengi zikikaa pamoja zinakuwa fungu kubwa. Sehemu inabaki kwa ajili ya wale watakaokuja kuchukua zao, na sehemu inakopeshwa mtu mwenye sababu nzuri, hasa anayenunua nyumba. Yeye anarudisha kila mwezi na riba juu. Ile riba inalipa gharama, na nyingine inarudi kwa walioweka. Pesa ikirudi inakwenda kwa mwingine. Ilipofika mwaka 1920 benki hiyo ilikuwa imewasaidia watu weusi kununua nyumba zaidi ya 600. Wengi wao hawangepata mkopo kwingine.

Na sisi tupige hesabu ndogo kwa mfano. Tuchukulie akina mama 25, kila mmoja analeta shilingi 2,000 kwa wiki. Kwa wiki ni shilingi 50,000, na kwa wiki 52 ni shilingi 2,600,000. Tukizigawa, kila mmoja anaondoka na shilingi 104,000, anapita dukani, anapita sokoni, kesho hazipo. Zikikaa pamoja, mmoja wetu anaweza kukopeshwa za kuezekea nyumba nzima, akarudisha, na mwingine akafuata. Pesa ni ile ile.

HAKUFANIKIWA KATIKA KILA KITU

Tusije tukadhani mama huyu alikuwa malaika. Lile duka alilifungua mwaka 1905, likaitwa Emporium, la nguo na vitu vya nyumbani, wauzaji wakiwa wanawake weusi. Wafanyabiashara wa kizungu wakalipiga vita, wakawabana wauzaji wa jumla wasiliuzie bidhaa. Na weusi wenyewe wengi waliendelea kununua kwa wazungu. Baada ya miaka kama sita likafungwa. Lilimuuma sana, lakini alikubali kulifunga.

Mwaka 1910 benki nyingine ya watu weusi hapo hapo Richmond, iliyokuwa mali ya chama cha True Reformers, ilianguka. Serikali ya jimbo ikaanza kukagua mabenki kwa ukali. Kukawa na masharti mapya, na moja lilikuwa kwamba benki isichanganywe na chama cha kusaidiana. Mwaka 1911 benki ya Mama Walker ikatenganishwa na chama, kila kimoja kikawa na hesabu zake. Kiongozi mwingine angeona ananyang'anywa. Yeye alitii, na benki ikasimama kwa miguu yake.

MSIBA WA NYUMBANI

Mwaka 1915 lilimpata jambo ambalo hata kulisoma ni zito. Usiku mmoja wa Juni mtoto wake mkubwa, Russell, alidhani mwizi ameingia nyumbani, akafyatua risasi. Kumbe ni baba yake. Mzee Walker akafa. Kijana alishtakiwa kwa mauaji, na baada ya kesi mahakama ikamwachia huru. Lakini hakupata tena raha, akafa mwaka 1923.

Katika msiba huo wako watu ndani ya chama waliotaka mama huyu aondolewe uongozini, kwamba jina lake limechafuka. Alisimama mbele ya mkutano, akajitetea, wanachama wakambakiza. Akaendelea na kazi akiwa mjane, mama wa kijana aliyevunjika moyo, na goti lake bovu, maana aliwahi kuanguka mwaka 1907 akavunjika pia ya goti. Mguu ulizidi kuharibika mpaka ikambidi kutembea kwa kiti cha magurudumu. Aliweka lifti nyumbani kwake na gari lake likarekebishwa, akaendelea kwenda ofisini. Chama alichokikuta na watu 1,080 kilifikisha wanachama makumi ya maelfu katika majimbo mengi.

KUUNGANA ILI KUBAKI

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Katika miaka michache iliyofuata mabenki maelfu yalifungwa nchi nzima, makubwa na madogo. Mama Walker aliona mapema kwamba benki ndogo ndogo za weusi pale Richmond, kila moja ikijivunia jina lake, hazitapona. Akazungumza na wenzake waliokuwa washindani wake. Kati ya mwaka 1930 na 1931 benki yake iliungana na nyingine mbili, ikaitwa Consolidated Bank and Trust Company. Jina alilolianzisha mwenyewe likafutwa mlangoni. Cheo cha rais akakiacha, akawa mwenyekiti wa bodi. Na pesa za watu zikapona.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1934, akiwa na miaka 70. Benki ile iliendelea mikononi mwa watu weusi mpaka ilipouzwa mwaka 2005, miaka zaidi ya 100 tangu siku ya senti 31. Nyumba yake katika mtaa wa East Leigh imehifadhiwa na serikali ya Marekani kama mahali pa historia, na mwaka 2017 mji wa Richmond ulimsimamishia sanamu.

SASA SISI

Wenzetu, mnajua kwa nini tumeandika yote haya. Mwezi ujao tutapiga kura. Wako wanaosema tuvunje sanduku lote, kila mtu achukue chake, tuanze upya. Wako wanaosema tugawe faida tu, na akiba ibaki iwe mfuko wa mikopo ya nyumba. Tuseme kweli, mwanzoni hata sisi tulikuwa upande wa kugawa. Tulikuwa tumechoka.

Na ziko sababu za watu kuogopa. Mwaka wa tatu tulipoteza pesa. Daftari lilikuwa halisomwi mbele ya wote, funguo mbili zilikaa nyumba moja, na aliyesema tumwamini alituahidi faida ya mara mbili kwa miezi mitatu. Hatutaji jina, maana kosa lilikuwa letu sote na la mwenyekiti kwanza, aliyeona haya kuuliza. Wenzetu watatu waliondoka, na mpaka leo tukikutana kisimani salamu ni za shingo upande. Kwao tunaomba radhi hapa kwa maandishi. Nafasi zao ziko wazi, na walichokuwa wanadai kilikwisha andikwa katika daftari kama deni la kikundi. Wakija tutawalipa, hata wasipotaka kurudi uanachama.

Kwa maisha ya Mama Walker sisi tumejifunza kwamba hofu haiondolewi kwa kuvunja sanduku. Inaondolewa kwa daftari linalosomwa kwa sauti, kwa kukubali kukaguliwa, kwa kiongozi anayekwenda kujifunza asichokijua, na kwa kufunga mapema biashara isiyokwenda. Kwa hiyo tunapendekeza hivi: anayetaka chake chote achukue kwa amani, bila kusemwa. Wanaobaki waweke mfuko wa nyumba, na hesabu zake zisichanganywe kabisa na mfuko wa maafa. Mkaguzi atoke nje ya kikundi, na kila ufunguo ukae mtaa wake.

Tena tunaomba ile desturi ya kusomeana vitabu irudi, hata bila mvua. Tusichague vitabu vya kutajirika kwa haraka, vile vimetutia hasara hata kabla hatujavisoma. Tusome maisha ya watu waliokaa na hesabu zao miaka mingi, wakapata na wakakosa. Dakika 20 baada ya kufunga sanduku zinatosha. Asiyejua kusoma atasikiliza, na kwa kweli wasiojua kusoma ndio waliotuuliza maswali magumu kuliko wote.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu. Tunawatakia sherehe njema na kura ya amani.

Ni sisi wenu katika kazi,
Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati